Kujitengenezea Mishale ya Shabaha Nyumbani: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza

Karibu kila anayejaribu kutengeneza mshale wake wa kwanza huanzia kwenye manyoya. Hununua manyoya ya rangi nzuri, hutafuta gundi kali, huyabandika jioni moja na kesho yake huenda kulenga. Mshale wa kwanza unakwenda kushoto. Wa pili unatikisa mkia kama samaki. Wa tatu unadondosha unyoya njiani. Anarudi nyumbani akiamini kwamba gundi ndiyo mbaya, ananunua nyingine.

Mishale mingi ninayoletewa niikague iliharibika kabla chupa ya gundi haijafunguliwa. Fito zilichukuliwa bila kupimwa, nyingine ngumu na nyingine laini, nyingine nzito na nyingine nyepesi, kisha zikavikwa manyoya yanayofanana zikaonekana ndugu. Mshale mmoja wenye kasoro mtu anaweza kuuzoea. Kinachomshinda ni mishale sita ambayo kila mmoja una tabia yake, kwa sababu hapo hajui tena kama kosa ni la mshale au la mkono wake.

Mwongozo huu unahusu mshale wa mti wa kulengea shabaha, kwa upinde wa kawaida usio na kapi, wenye nguvu ya kati ya ratili 25 na 45. Ndio mshale bora wa kujifunzia, maana mti unaonyesha kosa mapema na hausumbui kurekebishwa. Kaboni na alumini nimezigusia karibu na mwisho.

## Majina ya sehemu

Tukubaliane maneno kwanza. Ufito ni mwili wa mshale. Kigumba ni ncha ya chuma ya mbele. Noki ni kipande kidogo cha plastiki cha nyuma chenye mfereji unaoshika upote, yaani kamba ya upinde. Unyoya kiongozi ni ule mmoja kati ya manyoya matatu unaotazama nje, mbali na upinde. Kwa kawaida huwa wa rangi tofauti na wenzake.

## Vitu vya kuandaa

Kwa mishale sita nunua fito kumi. Nne za ziada si anasa. Utaelewa ukifika hatua ya pili.

- Fito 10 za msonobari, mwerezi au spurusi, zenye unene wa inchi 5/16 (karibu milimita 8). Upinde wenye nguvu zaidi ya ratili 45 au 50 hutaka unene wa inchi 11/32, karibu milimita 8.7.
- Noki na vigumba vya unene uleule wa ufito. Kigumba cha gramu 6.5 au 8 kinatosha.
- Manyoya 18 ya bawa la bata mzinga, yaliyokwisha kukatwa, ya urefu wa inchi 4 au 5. Yote yawe ya bawa moja: la kushoto tupu au la kulia tupu.
- Jigi ya kubandikia manyoya, yaani kifaa kinachoshika ufito na kuupokea unyoya kwa pembe ileile kila mara.
- Kichongeo cha fito, kinachofanana na kichongeo cha penseli lakini chenye matundu mawili: la noki na la kigumba.
- Gundi ya manyoya, na gundi ya kuyeyusha ya vigumba.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu.
- Vanishi, msasa wa namba 220 na 320, spiriti, kitambaa safi, rula ya milimita, koleo, msumeno wa meno madogo.
- Miwani ya kinga na barakoa ya vumbi.

Baadhi ya vifaa hivi unaweza kufanya bila, lakini si jigi wala mizani. Nimeona watu wakibandika manyoya kwa macho na pini, na wachache wenye mikono ya ajabu hufanikiwa. Anayeanza hafanikiwi.

## Kabla ya hatua ya kwanza: ujue upinde wako

Pima urefu wa mvuto wako, yaani umbali unaouvuta upote hadi kwenye kidevu au shavu. Nyoosha mikono kulia na kushoto, pima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati, kisha gawanya kwa 2.5. Mtu mwenye sentimita 170 ana mvuto wa karibu sentimita 68. Hicho ni kianzio tu. Kipimo cha kweli hupatikana ukivuta upinde huku mtu mwingine akitia alama kwenye mshale mrefu, mahali unapopita mbele ya upinde.

Nguvu iliyoandikwa kwenye mkono wa upinde (mmoja wa pande mbili zinazopinda), kwa alama ya # au lb, hupimwa kwa mvuto wa inchi 28, yaani sentimita 71. Ukivuta pungufu unapata pungufu: toa ratili 2 hadi 3 kwa kila inchi. Upinde ulioandikwa 40 ukivutwa hadi inchi 26 unakupa karibu 35, na hiyo 35 ndiyo namba utakayochagulia fito.

Onyo la kwanza, na ndilo kubwa. Mshale uzidi mvuto wako kwa angalau sentimita 3 mbele ya upinde. Anayeanza aache 5. Mshale mfupi ukivutwa hadi kigumba kikapita nyuma ya upinde, ukiachia utaingia mkononi mwako. Mvuto wa mwanafunzi huongezeka kadiri anavyojifunza kusimama vizuri, basi mshale uliotosha mwezi wa kwanza huenda usitoshe mwezi wa tatu.

## Hatua ya 1: Kagua na kunyoosha fito

Shika kila ufito kwenye mwanga na uuzungushe polepole. Unatafuta fundo, ufa, na mahali ambapo mistari ya mti inakatiza ufito kwa mshazari mkali. Wenye fundo au ufa utoe kabisa. Usijiambie kwamba ni ufa mdogo; mti wenye ufa hupasuka wakati upote unausukuma, na wakati huo mkono wako uko sentimita chache pembeni yake.

Kisha uviringishe juu ya kioo au meza iliyonyooka. Uliopinda utasikika ukigonga na utauona mwanga ukipita chini yake. Tafuta kilele cha pindo, kipashe moto kwa kukisugua kwa kiganja au kukipitisha kwenye mvuke wa birika, kisha kandamiza taratibu ukipitiliza kidogo upande wa pili, ushikilie hadi upoe. Fanya kidogo kidogo. Anayetaka kuunyoosha kwa mkandamizo mmoja huuvunja.

Acha fito usiku kucha, uzikague tena asubuhi. Baadhi zitakuwa zimerudi kwenye pindo lao la zamani. Ukiunyoosha ufito mara tatu na ukarudi mara tatu, uache. Utarudi hivyohivyo ukiwa na vanishi na manyoya.

## Hatua ya 2: Pima ugumu wa kila ufito

Hapa ndipo watu wengi huruka, na hapa ndipo nitakaa.

Upote unapoachiwa, husukuma mkia wa mshale huku kichwa kikiwa bado kizito na kimetulia. Mshale hupinda kama ufito unaosukumwa kutoka mwisho mmoja. Unapinda, unajizungusha kando ya upinde, unapinda upande wa pili, na unaendelea kutikisika hivyo mita kadhaa kabla ya kutulia. Mshale wenye ugumu unaofaa hupinda kiasi cha kuupisha upinde na mkia haugusi kitu. Mgumu kupita kiasi haupindi vya kutosha, basi husukumwa pembeni: kwa anayetumia mkono wa kulia kuvuta, huenda kushoto. Mlaini hupinda mno na kwenda kulia. Kwa mwenye kuvuta kwa kushoto, geuza.

Kwa hiyo fito mbili zilizo sawa kwa macho, moja ya ugumu wa 30 na nyingine 45, zitagonga mahali tofauti hata kama umezirusha bila kosa hata moja. Manyoya hayawezi kuficha tofauti ya namna hiyo.

Kipimo unaweza kukitengeneza mwenyewe. Pigilia misumari miwili mirefu kwenye ubao, kila mmoja ukitokeza mbele, umbali wa sentimita 66 kutoka mmoja hadi mwingine, kwa usawa uleule. Andaa uzito wa gramu 907, ambazo ni ratili 2. Chupa ya maji inafaa sana: ipime pamoja na ndoano yake, ongeza au punguza maji hadi mizani isome 907. Nyuma ya katikati ya ufito bandika rula ya milimita iliyosimama wima.

Laza ufito juu ya misumari. Tazama ncha yake iliyokatwa: utaona mistari ya ukuaji wa mti. Zungusha ufito hadi mistari hiyo isimame wima, kwa sababu upande huo ndio utakaopinda dhidi ya upinde baadaye. Soma rula, ning'iniza chupa katikati kabisa, soma tena. Tofauti ni kiasi ufito ulivyoshuka.

Gawanya 660 kwa milimita hizo. Ukishuka milimita 16.5, ugumu wake ni 40. Ukishuka 22, ni 30. Ukishuka 13.2, ni 50. Namba hiyo inasomwa kwa ratili, nayo inakwenda pamoja na nguvu ya upinde: kwa mshale wa inchi 28 wenye kigumba cha kawaida, anza na fito za ugumu sawa na nguvu unayovuta kweli. Kwa kila inchi inayozidi 28 chagua ugumu wa ratili 5 zaidi. Kwa kila inchi inayopungua, ratili 5 pungufu. Mshale mrefu hupinda kwa urahisi kuliko mfupi, ndiyo sababu.

Andika ugumu kwa penseli kwenye kila ufito. Kisha panga makundi. Kundi zuri ni lile ambalo fito zake hazitofautiani kwa zaidi ya ratili 5. Kati ya fito kumi utapata sita au saba zinazokaa pamoja. Hizo ndizo mishale yako, na sasa unajua kwa nini nilisema kumi. Zilizobaki zitunze, ukinunua kumi nyingine zitapata wenzao.

Usiamini namba zilizoandikwa dukani bila kupima. Mara nyingi ziko karibu na ukweli, lakini ufito mmoja ulioingia kwenye fungu lisilo lake utakusumbua mwaka mzima.

## Hatua ya 3: Pima uzito

Weka kila ufito wa kundi lako kwenye mizani na andika gramu kando ya namba ya ugumu. Tofauti ndani ya kundi isizidi gramu 1. Ukipata nusu gramu ni bora zaidi. Mshale mzito hutoka polepole na kugonga chini, mwepesi hugonga juu, na kadiri shabaha inavyokuwa mbali ndivyo pengo linavyopanuka.

Upo pia uzito wa chini ambao haupaswi kuvukwa kwa usalama wa upinde. Mshale mzima, na kigumba chake, usipungue karibu nusu gramu kwa kila ratili ya nguvu: upinde wa 36, gramu 18 au zaidi. Mimi hupenda kuwa juu zaidi ya hapo. Mshale mwepesi mno hauchukui nguvu ya upinde, na nguvu isiyochukuliwa hubaki kwenye mikono ya upinde na kuichosha hadi ipasuke. Fito za mti karibu zote hupita kipimo hiki bila shida.

## Hatua ya 4: Chonga mkia na uamue upande wa juu

Kabla ya kuchonga, amua ufito utalala vipi. Uamuzi huu mdogo unahusu usalama wa mkono wako.

Kwanza, mfereji wa noki uwe unakatiza mistari ya ukuaji inayoonekana kwenye ncha, usifuatane nayo. Upote ukisukuma sambamba na mistari hufanya kazi ya shoka na kuupasua ufito.

Pili, tazama ubavu wa ufito ambako mistari huishia kwa vichwa vilivyochongoka kama ndimi. Upande utakaokuwa juu mshale ukiwa kwenye upinde, ndimi hizo zitazame mbele, kuelekea kigumba. Mshale ukivunjika wakati wa kuachiwa, kipande cha nyuma kitapanda juu na kuondoka mkononi. Ukigeuza, kitateremka kuelekea kwenye mkono ulioshika upinde.

Tia alama ya penseli upande wa juu. Sasa ingiza mkia kwenye tundu la noki la kichongeo na uzungushe ufito, si kichongeo, kwa mkandamizo mwepesi. Mteremko wa noki, yaani ncha iliyochongwa ambayo noki huvikwa, ni mfupi, wa nyuzi 11. Wa kigumba ni mrefu, wa nyuzi 5. Acha ncha ya mbele bila kuchongwa kwa sasa.

Noki ikikaa juu ya mteremko bila gundi, isicheze hata kidogo. Ikicheza, wembe wa kichongeo haukushika sawa. Kata milimita chache uanze upya.

## Hatua ya 5: Msasa na vanishi

Piga msasa wa 220 kwa urefu wa ufito, kisha 320. Futa vumbi kwa kitambaa chenye spiriti kidogo. Paka vanishi nyembamba mara mbili au tatu, ukiacha kila mkono wa vanishi ukauke kabisa na kupitisha msasa wa 320 kidogo kabla ya mkono unaofuata. Usipake kwenye miteremko ya noki na kigumba. Gundi hutaka mti mtupu.

Vanishi si urembo. Mti usiopakwa hunywa unyevu, hupinda upya na kubadilisha uzito, na kazi yote ya hatua tatu za kwanza hupotea msimu wa mvua.

Kabla ya kupaka fito zote, paka kipande cha ufito mbovu, kikauke, kisha ubandike unyoya juu yake kwa gundi uliyonunua. Kuna gundi zinazolainisha aina fulani za vanishi na kuacha utelezi. Ni bora ulijue hilo kwenye kipande cha kutupwa. Fanya kazi penye hewa, mbali na moto.

## Hatua ya 6: Bandika noki

Weka tone la gundi, sukuma noki huku ukiizungusha, na uilaze mfereji ukikatiza mistari ya mti, alama yako ikiwa juu. Zungusha ufito mbele ya macho: noki isiyokaa katikati itaonekana ikichora duara. Una sekunde chache za kuirekebisha.

Kisha jaribu mshiko wake kwenye upote. Pachika, ning'iniza mshale ukielekea chini. Ukae bila kudondoka. Gonga upote kwa kidole kidogo tu, udondoke. Huo ndio mshiko unaofaa.

Onyo. Noki iliyolegea huweza kuachana na upote wakati wa kuvuta, na hapo upinde hupiga hewa tupu. Upinde uliopigwa bila mshale huweza kupasuka usoni mwa mpigaji. Noki zikilegea, ongeza uzi wa kuzungushia katikati ya upote hadi ushike. Zikikaza mno, punguza uzi huo, usilazimishe plastiki.

## Hatua ya 7: Manyoya

Sasa, baada ya siku tatu au nne za kazi, ndipo tunafungua gundi ambayo wengi huianza siku ya kwanza.

Ufito mmoja uuache bila manyoya kwa sasa; utauhitaji kwenye hatua mbili zinazofuata. Hakikisha tena kwamba manyoya yote ni ya bawa moja. Yalaze mezani upande mmoja. Yote yajikunje kuelekea upande uleule. Ukichanganya, unyoya mmoja utauzungusha mshale kulia na mwingine kushoto, na mshale hautajua uende wapi.

Kwa nini manyoya na si plastiki? Kwa sababu mshale wa upinde wa namna hii hupita juu ya mkono au kwenye kibao cha upinde. Unyoya unajilaza ukigusa na kusimama tena. Plastiki hugonga na kuurusha mkia pembeni. Mwenye upinde ulio na kishikio cha mshale kilichoinuliwa anaweza kutumia plastiki.

Pitisha msasa wa 320 mara mbili tatu mahali pa kubandika ili vanishi isiwe na kioo. Futa kwa spiriti. Kuanzia hapo usiguse pale kwa vidole. Mafuta ya ngozi ndiyo sababu ya kwanza ya manyoya kubanduka, kuliko aina ya gundi. Futa na tako la unyoya pia, yaani ule uti mgumu wa chini unaobandikwa.

Weka ufito kwenye jigi. Unyoya kiongozi usimame pembe mraba na mfereji wa noki. Mengine mawili yafuate kwa nyuzi 120. Mwisho wa nyuma wa unyoya uwe sentimita 2.5 hadi 3 kutoka mfereji wa noki, ili vidole visiuguse.

Jigi iegemeze unyoya kidogo, nyuzi 1 hadi 3, ili mshale uzunguke hewani. Mwelekeo ni huu: upepo wa mbele upige upande wa chini wa unyoya, ule mkavu wenye mistari, si upande unaong'aa. Kwa bawa la kushoto na la kulia mwegemeo ni tofauti, na jigi nyingi zina kibano cha kila bawa.

Tandaza mstari mwembamba wa gundi. Mwingi hausaidii, hutokeza pembeni, huongeza uzito wa mkia na kuchelewa kukauka. Shusha kibano hadi tako la unyoya liguse ufito kwa urefu wake wote, subiri muda ulioandikwa kwenye chupa, kisha ondoa. Nakusihi usipunguze muda huo kwa sababu umechoka. Unyoya wa tatu wa mshale wa sita hubandikwa usiku, na ndio unaobanduka.

Manyoya yote yakikauka, weka tone la gundi mbele na nyuma ya kila unyoya. Tone la mbele ni la lazima. Tako la unyoya lililonyanyuka ni kama mwiba, na mshale hupita juu ya mkono wako kwa kasi kubwa. Anayerusha kutoka juu ya mkono afunge pia mizunguko michache ya uzi mwembamba mbele ya manyoya na kuupaka gundi.

Ukipitisha kidole kutoka kigumba kuelekea nyuma, kisikwame popote.

## Hatua ya 8: Tengeneza mitatu kwanza

Usikate mishale yote kwa pamoja. Chukua mitatu, uiache mirefu kiasi cha sentimita 3 kupita urefu uliopanga, ichonge ncha ya mbele na kuipachika vigumba. Mmoja wao uwe ule ulioachwa bila manyoya. Itakupa majibu ambayo hesabu haiwezi kutoa.

Vigumba: shika kigumba kwa koleo, kipashe juu ya moto mdogo, yeyusha gundi kidogo kwenye mteremko wa ufito, sukuma kigumba ukikizungusha, kisha kitumbukize kwenye maji. Zungusha mshale ukisimama kwa ncha yake juu ya kiganja au meza. Ukitetemeka, kigumba hakijanyooka: pasha tena, zungusha robo, jaribu. Hii inaweza kurudiwa mara nyingi, na ndiyo faida ya gundi ya kuyeyusha.

## Hatua ya 9: Jaribio

Simama mita 10 kutoka shabaha laini na nene. Nyuma ya shabaha pasiwe na mtu, njia, wala dirisha. Rusha yenye manyoya mara kadhaa hadi upate kundi, yaani igonge karibu pamoja, kisha usio na manyoya. Huo haunyooshwi na kitu, basi unasema ukweli wote. Urushe mara tatu kabla ya kuamini, maana kosa moja la kidole huuhamisha.

Kwa anayevuta kwa mkono wa kulia:

- Usio na manyoya ukigonga kushoto mwa wenzake, fito ni ngumu mno. Ziache ndefu zaidi au weka kigumba kizito zaidi.
- Ukigonga kulia, ni laini. Kata nusu sentimita kila mara, au weka kigumba chepesi.
- Ukigonga chini yao, alama ya kupachikia kwenye upote iko juu mno. Ukigonga juu yao, iko chini mno. Hapa mshale hauna kosa, sogeza alama.

Katika kukata, kumbuka lile onyo la kwanza. Ukifika kwenye urefu wa usalama na bado mshale ni laini, acha msumeno. Unahitaji fito ngumu zaidi.

Ukipata tofauti isiyozidi kiganja kwa mita 10, umefika. Pima urefu wa ile mitatu, kata iliyobaki sawasawa, chonga, pachika vigumba, vika manyoya mshale ule mmoja uliokuwa uchi.

Kwa umakini zaidi, tafuta mahali mshale unapolala sawa juu ya kidole. Pima kutoka mfereji wa noki hadi hapo, toa nusu ya urefu wote wa ufito, gawanya kwa urefu wote, zidisha kwa 100. Jibu la kati ya 10 na 15 ni zuri. Chini ya hapo mkia ni mzito kwa kichwa, na mshale utayumba kwenye upepo.

## Kwa wenye kaboni na alumini

Mpangilio wa kazi ni uleule, ila ugumu wa kaboni husomwa kinyume: namba kubwa ni ufito laini. Ufito wa 500 ni ule ulioshuka inchi 0.500 kwenye kipimo cha kiwanda, na wa 700 ni laini kuliko huo.

Kaboni isikatwe kwa kisu cha mabomba wala msumeno wa kawaida. Hutaka diski ya kusaga inayozunguka kwa kasi. Vumbi lake huwasha ngozi na kudhuru mapafu, kwa hiyo barakoa na miwani si hiari. Moto wa moja kwa moja huharibu gundi inayoshikilia nyuzi za kaboni, basi tumia gundi ya epoksi kwa vigumba, au gundi ya kuyeyuka kwa joto dogo huku ukipasha kigumba peke yake.

Kabla ya kila mrusho shika ufito wa kaboni ncha zote mbili, uupinde kidogo pande zote huku ukisikiliza. Ukisikia mlio wa kukatika au kuhisi mpasuko, umekwisha. Kaboni iliyopasuka hulipuka kuwa vijiti vyembamba, na huingia mkononi.

## Kuihifadhi na kuifuatilia

Andika namba kwenye kila mshale, 1 hadi 6, karibu na manyoya. Kila unapolenga, andika ni upi ulitoka nje ya kundi. Baada ya siku nne au tano utaona kama ni uleule, tuseme namba 4. Huo uutoe, upime noki, kigumba na unyooko wake. Kama ni tofauti kila siku, mishale yako ni mizima, rekebisha mkono.

Ihifadhi imelala tambarare au imening'inizwa, si kuegemezwa ukutani, mbali na jua na unyevu. Manyoya yaliyolala hurudi ukiyapitisha kwenye mvuke wa birika kwa sekunde chache.

Kagua kila mshale uliogonga mbao, jiwe au mshale mwingine: upinde kidogo kwa mikono, tazama nyuma ya kigumba, ambako ndiko mti hupasuka kwanza, na tazama midomo ya noki. Noki yenye ufa ibadilishwe papo hapo. Ufito wenye ufa toa kigumba chake utumie tena, kisha uuvunje vipande viwili kabla ya kuutupa, asije mwingine akauokota akaupachika kwenye upote.